SINEMA SEBULENI: UBAO MAMA WA BEI NAFUU HUCHAGULIWA KUANZIA KWENYE TELEVISHENI

Na Mwandishi Wetu

Zamani mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka kutazama sinema alivaa nguo zake nzuri akaenda mjini, Avalon, Empire au Empress, akakata tikiti na kuketi gizani pamoja na mamia ya wenzake. Televisheni ilikuwa jambo la kusimuliwa na waliofika Zanzibar, ambako ilianza mwaka 1973. Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990 ndipo ikapata vituo vyake. Leo sinema imehamia sebuleni. Filamu ya saa mbili hukaa katika flashi iliyo ndogo kuliko kidole gumba, na video ya harusi ya binti, iliyopigwa kwa simu ya mjomba, hutazamwa na ukoo mzima jioni ileile.

Hata hivyo, familia nyingi zimekwisha kuonja uchungu wa kuchomeka flashi katika televisheni, watu wote wakiwa wameketi, kisha kioo kikatoa habari kwamba faili hilo halifunguki. Ndipo watu hufikiria kuunda kompyuta ya sinema: kasha dogo linalokaa chini ya televisheni, lenye diski ya kuhifadhi filamu, picha na nyimbo za nyumba nzima, ambalo huendeshwa kwa rimoti au kibodi isiyo na waya, na ambalo mchana watoto huweza kulitumia kwa masomo yao. Programu za bure zilizoandikwa kwa kazi hiyo hasa zipo. Mashuhuri mojawapo ni Kodi, ambayo chimbuko lake ni programu iliyotengenezwa mwaka 2002 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Xbox, na ambayo ilipewa jina lake la sasa mwaka 2014. Kwa wazazi wanaosikitika kuona watoto wao wakishinda katika vibanda umiza, kasha kama hilo si anasa tupu.

Ndugu msomaji, makala haya yanazungumzia kiungo kimoja tu cha kasha hilo, nacho ni ubao mama. Kosa katika kuchagua kiungo hiki halifanani na kosa la kuchagua kasha baya. Kasha baya huudhi macho tu. Ubao usiofaa huweza kuifanya fedha yote iliyotumika kuwa chuma chakavu. Na fedha hiyo, katika nyumba nyingi, si fedha ya ziada. Ni ya kibubu, au ni zamu ya mama katika mchezo wa upatu, na watoto wameahidiwa.

Shauri letu ni moja, na mengine yote yatakayofuata ni maelezo yake: usianze dukani kwa kuulizia ubao wenye nguvu. Anza nyumbani, kwenye televisheni yako na filamu mnazozitazama, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uufikie ubao.

MLANGO NA MWENYE NYUMBA

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ni bamba pana ambalo viungo vyote vya kompyuta hupandwa juu yake. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, hukaa katika soketi yake. Vijiti vya kumbukumbu husimama katika nafasi zake. Diski, feni na waya za umeme zote huishia hapo. Mgongoni mwa ubao kuna matundu yanayotokea nyuma ya kasha: ya USB, ya mtandao, ya sauti na ya picha.

Ili kompyuta ionyeshe kitu kwenye kioo, ni lazima iwe na mtambo wa picha. Wapenda michezo ya kompyuta hununua kadi ya picha ya pekee, ambayo mara nyingi bei yake huzidi ya viungo vingine vyote kwa pamoja. Kwa sinema kadi hiyo haihitajiki. Mtambo wa picha wa ndani, yaani ule unaokuja pamoja na viungo vya kawaida bila kununuliwa peke yake, unatosha, mradi uwe wa kizazi kinachofaa.

Hapa yafaa tueleze historia kidogo, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Mwaka 1999 kampuni ya Intel ilitoa chipu za 810, zilizobeba mtambo wa picha juu ya ubao mama wenyewe. Kwa muda wa miaka kumi hivi, ubao ndio ulioamua ubora wa picha. Waliounda kompyuta za sinema mwaka 2008 walizisifu sana mbao za chipu za AMD 780G, kwa kuwa ziliweza kuonyesha filamu za Blu-ray bila kadi ya pekee. Lakini mwaka 2010 Intel walianza kuuhamishia mtambo huo katika prosesa, na kufikia mwaka 2011 Intel na AMD wote wawili walikuwa wakiuza prosesa za mezani ambazo ubongo na mtambo wa picha vimechongwa katika chipu moja.

Maana yake kwa mnunuzi wa leo ni kubwa. Tundu la picha lililo mgongoni mwa ubao ni mlango tu. Mwenye nyumba yumo ndani ya prosesa. Ubao unaweza kuwa na mlango mzuri wa HDMI, lakini ukipandikiza prosesa isiyo na mtambo wa picha, hakuna atakayetoka mlangoni hapo.

HERUFI MOJA TU

Tangu mwaka 2019 Intel wamekuwa wakiuza prosesa za mezani za aina mbili zinazofanana kwa kila jambo isipokuwa herufi moja ya mwisho. Core i3-12100 ina mtambo wa picha. Core i3-12100F haina. Herufi hiyo F ndiyo ishara ya kwamba mtambo wa picha haupo. Prosesa yenye F kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kidogo, na punguzo hilo ndilo linalomvutia mtu mwenye fedha ya kuhesabu.

Kwa upande wa AMD, kwa miaka mingi herufi ya kutafutwa ilikuwa G. Ryzen 3 2200G na Ryzen 5 5600G zina mtambo wa picha. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi hiyo haina. Kuanzia prosesa za mfululizo wa 7000, zilizotoka mwaka 2022, AMD waliweka mtambo mdogo wa picha katika prosesa zao za kawaida za mezani, isipokuwa zile ambazo nazo zimeishia na F.

Fikiria basi baba aliyetumwa na familia yake. Amerudi kutoka dukani, ameunganisha kila kitu, feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, watoto wamekaa mkekani. Televisheni inasema hakuna picha. Fundi akiitwa atamwambia ukweli: anunue kadi ya picha, au aibadilishe prosesa. Akiba ya miezi kadhaa imezuiwa na herufi moja. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa maneno yao hayahitaji ufafanuzi.

ANZA NA TELEVISHENI

Soma kijitabu cha televisheni yako, au angalia maandishi yaliyo mgongoni mwake. Televisheni ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Televisheni ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Ni mara nne kamili. Kila nukta ni kazi ya mtambo wa picha, na kila kazi ina bei yake.

Ikiwa televisheni yenu ni ya HD kamili, na mnatazama zaidi filamu za Bongo, taarifa ya habari na video za harusi, basi karibu kila ubao wenye tundu la HDMI utawatosheleza kwa upande wa mlango. Msikubali kulipia 4K kwa sababu tu muuzaji ameisifu. Ikiwa televisheni ni ya 4K, au mmekwisha kuazimia kununua ya namna hiyo karibuni, chunguzeni namba ya toleo la HDMI katika maelezo ya ubao.

Toleo la 1.4 la HDMI, lililotangazwa mwaka 2009, hupitisha picha za 4K zipatazo 30 kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hupitisha 60. Kwa kuwa filamu nyingi za sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, toleo la 1.4 laweza kuonekana kuwa linatosha; lakini mpira wa miguu utaonekana ukirukaruka, na mshale wa kompyuta utaburuta miguu kama mgonjwa. Jambo la kuangalia ni hili: prosesa za Intel za miaka ile hazikuwa na HDMI 2.0 ya moja kwa moja, na mtengenezaji wa ubao alipaswa kuongeza chipu ndogo ya pembeni. Katika mbao nyingi za bei ya chini, kama vile za chipu za H110 na H310, chipu hiyo haikuongezwa. Ubao wa namna hiyo ukiwa na tundu la DisplayPort, kifaa cha kugeuza DisplayPort kuwa HDMI 2.0 chaweza kuokoa jahazi. Ukiwa na VGA na HDMI 1.4 tu, hauna dawa ya bei nafuu.

Tusisahau sauti. HDMI hubeba picha na sauti katika waya mmoja. VGA haibebi sauti hata kidogo. Mwenye redio kubwa yenye spika za pembe zote za chumba atapenda ubao wenye tundu la sauti la mwanga pia. Tundu hilo hupitisha sauti za Dolby Digital na DTS za kawaida, ila sauti za Blu-ray zisizopunguzwa ubora, yaani Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ni nzito mno kwake. Hizo hupita katika HDMI pekee.

LUGHA ZA FILAMU

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Hebu tufanye hesabu. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 3, picha moja ya HD kamili ni baiti zaidi ya milioni 6. Picha 24 kwa sekunde ni baiti milioni 149 hivi. Filamu ya saa mbili ingekuwa zaidi ya gigabaiti 1,000, wakati DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7. Kwa hiyo kila filamu unayoiona imekamuliwa kwanza, kama nguo zinavyokunjwa zikashindiliwa sandukuni, na kompyuta huikunjua wakati wa kuionyesha.

Ufundi wa kukunja na kukunjua huitwa kodeki. Kodeki ya H.264 ilikamilishwa mwaka 2003 na hadi leo ndiyo inayotumika katika filamu nyingi sana. Mwaka 2013 zilitoka mbili: HEVC, ambayo pia huitwa H.265, na VP9 ya kampuni ya Google. Mwaka 2018 ilitoka AV1. Kila iliyofuata hukunja vizuri zaidi, hivyo faili huwa dogo na kifurushi cha intaneti hudumu. Lakini kuikunjua ni kazi ngumu zaidi. HEVC ndiyo ya diski za Blu-ray za 4K, na ndiyo inayotumiwa na simu nyingi za kisasa kurekodi video. YouTube hutumia VP9 na AV1.

Kompyuta huweza kukunjua filamu kwa njia mbili. Ya kwanza ni prosesa kujitwisha kazi yote. Njia hii hupandisha joto, hupigisha feni kelele, na prosesa ikiwa dhaifu, picha hukwama huku sauti ikiendelea. Ya pili ni kuikabidhi kazi sehemu maalumu ya mtambo wa picha, iliyochongwa kwa ajili ya kodeki hiyo na si nyingine. Sehemu hiyo hufanya kazi ileile kimya kimya, kwa umeme kidogo. Ila kama haikufundishwa lugha hiyo kiwandani, haitajifunza kamwe. Hakuna programu wala kumbukumbu ya kuongeza itakayoifundisha.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si prosesa inakimbia kiasi gani, bali mtambo wake wa picha unajua lugha zipi. Majibu yake ni haya.

Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, hukunjua HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7, kilichofika madukani Januari 2017, kiliongeza HEVC ya biti 10 na VP9. Tofauti hii si ndogo: biti 8 hutoa ngazi 256 za kila rangi ya msingi na biti 10 hutoa 1,024, na filamu za 4K zenye mwanga wa HDR huhitaji biti 10. Vizazi vya 8, 9 na 10 vilibaki hapohapo kwa upande wa lugha. AV1 iliingia katika prosesa za mezani za Intel mwaka 2021, katika Core i5 na kuendelea za kizazi cha 11. Na kizazi cha 12 kilipokamilika mwaka 2022, hata Celeron G6900 na Pentium Gold G7400, ambazo ni za bei ya chini kabisa, ziliijua.

Upande wa AMD, Ryzen 3 2200G ya mwaka 2018 hujua HEVC ya biti 10 na VP9. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ingawa ina nguvu nyingi zaidi, haijui AV1. Lugha hiyo imo katika mfululizo wa 7000 wa mwaka 2022, na katika mfululizo wa 8000G wa mwaka 2024.

Msomaji atakuwa ameona ajabu iliyomo. Celeron iliyo ya mwisho katika orodha ya bei huonyesha filamu ya AV1 bila jasho, wakati prosesa yenye nguvu maradufu na zaidi inalazimika kujitwisha kazi kwa kichwa. Katika ofisi ya hesabu ya pili ndiyo bora. Sebuleni, ya kwanza inastahili kiti.

NJIA TATU ZA MWENYE FEDHA KIDOGO

Kwa mwenye fedha kidogo kabisa, njia ya kwanza ni viungo vilivyotumika vya kizazi cha 7 au cha 8 cha Intel. Pentium G4560 ya mwaka 2017, au Core i3-8100 iliyotoka mwaka huohuo, hutosha kwa filamu zote isipokuwa AV1. Lakini kumbuka: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai kizazi cha 8 au cha baadaye. Mwenye kizazi cha 7 asikate tamaa. LibreELEC, mfumo mdogo wa bure unaowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, haudai hayo. Ila watoto hawataandikia insha ndani yake; ni mfumo wa sinema tu.

Njia ya pili ni ubao mpya au uliotumika wa chipu za H610 pamoja na Pentium Gold G7400, au Core i3-12100 isiyo na F. Njia hii hujua lugha zote tulizozitaja, Windows 11 huikubali, na bado siku moja prosesa yaweza kubadilishwa. Kwa familia inayotaka kompyuta moja ya sinema na masomo, hii ndiyo tungeipendekeza kwanza.

Njia ya tatu ni mbao ambazo prosesa imekwisha kuunganishwa kiwandani na haitoki. Mfano mwema ni zile za Intel N100, prosesa iliyotangazwa Januari 2023. Kipimo chake cha joto ni wati 6, wakati Pentium Gold G7400 ni wati 46 na Core i3-8100 ni wati 65. Hujua AV1. ASUS na ASRock walitoa mbao za N100 zisizo na feni hata moja, na mojawapo ya ASRock huendeshwa kwa chaja ya volti 19 kama za kompyuta za mapajani. Ubaya wake ni kwamba prosesa ikifa, ubao wote umekufa, na siku mtoto akitaka kazi nzito, hakuna cha kubadilisha.

MITEGO YA SOKETI NA KUMBUKUMBU

Prosesa na ubao lazima vioane, na kuoana huko si kwa macho. Soketi ya Intel iitwayo LGA 1151 ina matoleo mawili. Mbao za mfululizo wa 100 na 200 hupokea vizazi vya 6 na 7. Za mfululizo wa 300 hupokea vya 8 na 9. Jina ni moja, lakini Core i3-8100 haitawaka katika ubao wa H110. Wengi hununua ubao duka moja na prosesa duka jingine kwa kuamini jina la soketi, na kila muuzaji husema kitu chake ni kizima. Wote wawili husema kweli.

Mbao za LGA 1700, kama H610, hutengenezwa kwa aina mbili za kumbukumbu: nyingine DDR4, nyingine DDR5. Kijiti cha aina moja hakiingii katika nafasi ya nyingine. Na ubao wa H610 wa siku za mwanzo huhitaji programu yake ya mwanzo, yaani BIOS, iwekwe toleo jipya ndipo uitambue prosesa ya kizazi cha 13 au 14. Mwombe muuzaji aiweke mbele yako.

Kwa kuwa mtambo wa picha wa ndani hauna kumbukumbu yake, hukopa ile ya kompyuta. Ndiyo maana vijiti viwili vya gigabaiti 4 huusaidia kuliko kimoja cha gigabaiti 8, kwani data hupita njia mbili kwa wakati mmoja. N100 ina njia moja tu, hivyo kwake kijiti kimoja kinatosha. Gigabaiti 8 kwa jumla zinatosha kwa sinema na masomo ya kawaida.

Kuhusu ukubwa, ubao wa Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170, na wa microATX hufikia 244 kwa 244. Ule mdogo hupendeza, lakini aghalabu huuzwa kwa bei ya juu kwa uwezo uleule. Pima kwanza nafasi iliyo chini ya televisheni. Ikiwa kasha la microATX linaenea, okoa fedha yako.

JOTO, VUMBI NA UMEME

Majira ya joto katika miji ya Pwani, chumba chenyewe hupita nyuzi 30 kabla kompyuta haijawashwa. Prosesa ya wati nyingi katika kasha dogo lililofungiwa kabatini huunguruma usiku kucha, na sinema yenye sehemu za kunong'ona haitazamiki. Kwa hiyo wati chache si suala la ankara ya umeme tu; ni suala la utulivu na umri wa ubao. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya kasha, na kila baada ya miezi michache ondoa vumbi kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni adui mwingine. Kifaa cha kulinda umeme, hata cha kawaida, ni sehemu ya bei ya kompyuta. Asiyekinunua hajamaliza kununua.

DUKANI

Ukifika Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa msomaji wa Nairobi, usiende mikono mitupu. Beba flashi yenye filamu zako mwenyewe: moja ya kawaida, moja ya 4K, na video ndefu iliyopigwa na simu ya nyumbani. Omba ubao uwashwe ukiwa na prosesa utakayoinunua, televisheni au kioo kikiwa kimechomekwa katika tundu la ubao wenyewe na si katika kadi. Fungua faili zako zote. Wakati filamu inaendelea, tazama kiasi cha kazi kinachofanywa na prosesa. Ikiwa inakaribia asilimia mia, mtambo wa picha haujui lugha hiyo.

Kama ubao umetumika, uinamie na tochi. Vijipipa vidogo viitwavyo kapasita viwe na vichwa bapa. Kilichovimba au kuvuja ni dalili ya kifo kilicho njiani. Katika soketi za Intel tulizozitaja, sindano nyembamba ziko katika ubao na si katika prosesa: ziwe zimelala sawasawa zote, kwa maana iliyopinda hainyooshwi kwa urahisi. Betri ya CR2032 ikiwa imechoka si kasoro kubwa, hubadilishwa. Bati la matundu ya mgongoni liwepo, maana mara nyingi halipatikani peke yake.

Uwe na hadhari na ubao ulionyofolewa katika kompyuta ya ofisi. Nyingi za kompyuta hizo zina soketi za umeme za namna yake, ambazo pawasaplai ya kawaida haiingii. Kinyume chake, kompyuta nzima ndogo ya ofisi ya kizazi cha 8, iliyotumika vizuri, mara nyingine huuzwa kwa bei iliyo chini ya viungo vyake vikinunuliwa kimoja kimoja. Kuinunua hiyo si kushindwa. Lengo letu ni sinema sebuleni, si sifa ya kuunda.

Hatimaye, dai risiti iliyoandikwa jina kamili la ubao na la prosesa, pamoja na herufi zake za mwisho, na muda ambao muuzaji atakubali kuvipokea vikirudishwa. Muuzaji mwaminifu hataona tabu.

KABLA YA KUVUNJA KIBUBU

Ndugu msomaji, kaeni jioni moja, baba, mama na watoto wakubwa, mchukue karatasi. Andikeni televisheni ni ya nukta ngapi. Tundu lake la HDMI ni la toleo gani. Filamu na video zenu ni za kodeki zipi. Kompyuta itafanya kazi gani nyingine mchana. Na kasha litakaa wapi. Majibu matano yakishaandikwa, ubao utakuwa umekwisha kujichagua, na mwenye kwenda dukani ataenda na jina lake mkononi badala ya kupewa jina na muuzaji.

Kisha mtakapokuwa mmebakiwa na fedha kidogo, msiiongeze katika prosesa kubwa zaidi. Nunueni diski nyingine, mweke humo nakala ya picha na video za nyumbani. Filamu ya dukani ikipotea hupatikana tena. Sauti ya bibi akiwaombea dua wajukuu siku ya harusi, ikipotea, haina duka.